Tidus sio mlialia, mmemuona kwenye klipu tu

Kuna klipu moja ya gemu ambayo hata mtu asiyejua Final Fantasy ni nini ameshakutana nayo. Jamaa mwenye nywele za njano, kavaa nguo za ajabu, kasimama na binti mmoja, ghafla anaachia HA HA HA HA kavu kama mtu anayesoma neno “ha” kwenye karatasi, afu klipu inakatwa hapohapo. Inachekesha, sikatai. Imezunguka miaka na miaka na imegeuka ushahidi namba moja kwamba Final Fantasy X, gemu ya kumi kwenye mfululizo wa Final Fantasy, ina uigizaji mbovu na kwamba Tidus ndo mhusika mkuu wa hovyo kuliko wote kwenye ule mfululizo: anabwabwaja, analialia, kila saa dingi yake, dingi yake, hana ukomavu.

Mi nasema hiyo kesi imesikilizwa upande mmoja. Na sababu stori yenyewe imejikunja sana ngoja niifungue taratibu, ila ninavyofungua naharibu utamu wote mpaka mwisho, kama una mpango wa kuicheza ishia hapa.

Gemu ilitoka 2001 kwenye PlayStation 2, Japani mwezi wa 7, Marekani mwezi wa 12, na ndo Final Fantasy ya kwanza kwenye ule mfululizo mkuu kuwa na waigizaji wa sauti. Kabla ya hapo maneno yalikuwa yanatokea kwenye viboksi, unasoma, kila mtu anajitungia sauti kichwani kwake. Wahusika wakuu wa gemu za nyuma, Cloud wa 1997 na Squall wa 1999, wamefaidika sana na hilo. Squall hasa, ukimsoma vizuri yule ni kijana anayeogopa watu, anaogopa kuachwa, kichwani mwake anajijibu maswali kumi ambayo hathubutu kuyasema, lakini kwa sababu kanyamaza na kakunja uso watu wakasema huyu mwanaume. Tidus ana hofu zilezile, tofauti yake yeye kapewa mdomo, na mtu mwenye hofu akipewa mdomo anaongea sana. Tunamjua wote mtu wa hivo. Ndo yule anayeingia kwenye kundi la watu asiowajua na dakika ya pili ameshapiga stori tatu na utani mmoja mbovu.

(Na kwa huku kwetu kuna sababu nyingine ya kumjua kwa klipu. PS2 wengi tumeichezea kibandani, unalipia kwa mechi au kwa saa, foleni ipo nyuma yako inapiga kelele, sasa nani atakaa pale na gemu ya masaa arobaini yenye maongezi ya kizungu matupu wakati wenzako wanasubiri Winning Eleven? Ukishamaliza hela hata memori kadi ya kuhifadhi ulipofika huna. Kwahiyo tulimkuta Tidus YouTube, tena kipande kile tu.)

Haya, tuanze na dunia yenyewe. Tidus ana miaka 17, ni staa wa blitzball, mchezo wa mpira unaochezwa ndani ya tufe kubwa la maji, kwenye mji unaoitwa Zanarkand, mji wa taa na maghorofa. Siku moja linakuja dubwana linaitwa Sin, linavunja mji, jamaa anazinduka kwenye dunia inaitwa Spira ambako kila mtu anamwambia kwamba Zanarkand iliangamia miaka 1000 iliyopita. Mji wake, timu yake, nyumba yake, vyote ni magofu ya kihistoria. Binti wa kwanza kuwa mwema kwake, Rikku, anamshauri asiseme popote kwamba ametoka Zanarkand, yeye anaona labda alisogelea Sin mno kichwa kikavurugika. Na kweli ndo anachosema. Fikiria hapo, kijana hana mtu hata mmoja anayemjua, na kitu cha kwanza anachofundishwa ni kudanganya yeye ni nani.

Huko Spira, Sin linatokea kila mara linafagia vijiji. Dawa yake ni moja: sammona, yaani mtu mwenye uwezo wa kuita viumbe wakubwa waje kumpigania, anafanya hija, anapita hekalu baada ya hekalu, anafika magofu ya Zanarkand anapata kiumbe wa mwisho, anaenda kumpiga Sin, watu wanapata kipindi cha utulivu cha miaka kadhaa, afu Sin linarudi, anatafutwa sammona mwingine. Dini ya pale, Yevon, inafundisha kwamba hii ni adhabu ya dhambi za wanadamu na wakitubu vya kutosha litaisha. Yuna, yule binti wa kwenye klipu, ni sammona. Baba yake Braska alikuwa sammona pia, alimpiga Sin miaka 10 iliyopita, na mmoja wa walinzi wake wawili kwenye hiyo safari alikuwa mtu mmoja anaitwa Jecht.

Jecht ndo dingi yake Tidus. Na hapa ndo pa kukaa.

Jecht alikuwa staa wa blitzball kabla ya mwanae, mlevi, mwenye majigambo, na alikuwa na wimbo mmoja tu kwa mtoto wake: utalia, unalia, kila siku unalia. Alipotea baharini Tidus akiwa na miaka 7. Wakati yupo nyumbani, bi mkubwa alikuwa hamuoni mtoto, macho yote kwa mume, na mume alipopotea mama akanyong'onyea mpaka akafa. Kuna kumbukumbu fupi inaonyeshwa humo ndani, Jecht ndo kapotea, mama ana wasiwasi, kale katoto kanasema acha afe tu, na mama anamuuliza unamchukia kiasi hicho? Akifa hutopata nafasi ya kumwambia unavyomchukia. Nani anamwambia mtoto wa miaka 7 maneno hayo jamani. Ila yashikilie, yatarudi.

Sasa huyu mtoto kakua kawa nini? Kawa mchezaji wa mchezo uleule wa dingi, kwenye timu ileile, Zanarkand Abes. Nembo ya timu aliyoivaa shingoni ndo tatoo kubwa aliyonayo Jecht kifuani. Anasema anamchukia, lakini maisha yake yote kayapanga kwa kipimo cha yule mtu. Wanaosema “kila saa baba yake” wanaona kweli, ila wanaiona kama kasoro ya mwandishi wakati ndo mhusika mwenyewe alivyotengenezwa.

Na kuna kitu watu wengi wamemaliza gemu nzima hawajakigundua. Kwa kuwa mchezaji anaruhusiwa kumbadilishia Tidus jina mwanzoni, waigizaji hawakuweza kurekodi jina lake. Kwahiyo hamna mtu hata mmoja anayelitamka. Masaa yote yale, Wakka, mmoja wa walinzi wa Yuna, hamwiti, Yuna hamwiti. Auron, yule mlinzi mwingine wa Braska aliyemlea kwa mbali, hamwiti. Ni sababu ya kiufundi tu, najua, lakini matokeo yake ni kwamba Yuna anaitwa Yuna na Rikku anaitwa Rikku, afu yeye ni “wewe”, ni staa wa Zanarkand Abes, ni mtoto wa Jecht. Hapo hata usipoandika mstari mmoja wa maumivu, umeshaandika.

Kama unataka kuona kutojiamini kwake bila kusikiliza maongezi nenda kwenye meli ya kwenda mji wa Luca. Usiku, Tidus yuko peke yake na mpira, anajaribu shuti la Jecht, lile ambalo mzee alikuwa anatamba kwamba hakuna mwingine anayeliweza. Gemu inakupa kajimchezo hapo: maneno ya Jecht yanaanza kutokea kwenye skrini, ya kukatisha tamaa matupu, hutaweza dogo, yanatokea juu, chini, pembeni, na wewe inabidi uelekeze pedi upande ule na ubonyeze kuyafuta kabla hayajakujaza. Ukiyafuta unapiga shuti. Yakikushinda, hupigi. Yaani ufundi wa kupiga mpira anao, kinachomzuia ni sauti ya mtu mmoja kichwani, na gemu imekukabidhi wewe kazi ya kuizima kwa dole gumba. Mi hapo ndo nilimuelewa huyu jamaa, kabla hata ya kile kicheko.

Tufike kwenye kicheko basi, maana ndo kesi yenyewe.

Kabla ya Luca wamepita kijiji cha Kilika. Sin limepita mbele yao limekifagia, Tidus kaona maiti zimepangwa majini na Yuna anacheza ile ngoma ya kuzisindikiza roho, watu wanalia. Kabla ya hapo Wakka kampokea kisiwani Besaid bila kumjua, kamlisha, kampa na upanga. Upanga huo Wakka alikuwa amempa mdogo wake, Chappu, na Chappu kauliwa na Sin. Sasa wanafika Luca, Auron anatokea, anamchukua Tidus pembeni na kumwambia: Sin ni Jecht.

Hesabu mwenyewe hapo. Kilika, ni dingi. Chappu, ni dingi. Upanga ulioko mkononi ni wa mtu aliyeuliwa na dingi, na kapewa na kaka wa marehemu kwa upendo. Na hawezi kumwambia yeyote kati yao, na anatakiwa atoke pale ajiunge rasmi na msafara wa kwenda kumuua. Jamaa anampigia kelele Auron, anachanganyikiwa, anaonekana kabisa kavurugwa.

Yuna anamuona kanyong'onyea, hajui sababu. Yeye mwenyewe ana utaratibu wake: siku ukiwa na huzuni jizoeshe kutabasamu, maana watu wakimuona sammona ana huzuni na wao wanavunjika moyo. Anamwambia jaribu kucheka, kwa sauti. Naye anajaribu. Anacheka vibaya kwa sababu hana kicheko, anakitoa kwa nguvu, kinatoka kile cha kwenye klipu. Kinazidi mpaka Yuna mwenyewe anaona basi sasa imetosha, afu na yeye anajiunga na cha kwake cha kulazimisha, wenzao wamesimama kule nyuma wanashangaa hawa vipi, wamerukwa na akili? Na baada ya hapo, sekunde ambazo klipu haina, hao wawili wanaangaliana na wanaangua kicheko cha kweli, cha kawaida kabisa, kimeigizwa vizuri tu.

James Arnold Taylor, aliyeigiza sauti ya Tidus kwa kiingereza, ameshaeleza hadharani kwamba kilitakiwa kiwe cha kulazimisha na cha aibu. Kwenye toleo la kijapani Masakazu Morita naye kakitoa cha kulazimisha. Ndo maelekezo ya onyesho. Kumlaumu kwa kucheka vibaya pale ni kumlaumu mwigizaji wa mlevi kwa kuyumba.

Ila mi naona hata utetezi huo, ambao siku hizi mashabiki wengi wanaujua, umeishia njiani. Watu wanasema “kilikusudiwa” wanaridhika. Sawa, kilikusudiwa kwa ajili ya nini?

Hapa lazima nikwambie siri ambayo wote kwenye msafara wanaijua isipokuwa Tidus na wewe uliyeshika pedi: sammona akimuita kiumbe wa mwisho, anakufa. Ndo bei. Braska alikufa hivo. Yuna anaenda kufa, anajua, kakubali, na anataka safari yake iwe ya vicheko ili watakaobaki wasimkumbuke kwa machozi. Kwahiyo rudi pale Luca: hawa ni watoto wa miaka 17, kila mmoja kaficha kitu kinachomla, mmoja anajua atakufa, mwingine anajua baba yake ndo muuaji, na wanafundishana kutabasamu. Yuna sio kwamba anampa ushauri wa juujuu, anampa kifaa chake mwenyewe anachokitumia kila asubuhi.

Na Tidus, kwa kutojua, njia nzima anampigia Yuna stori za baadaye. Tukishampiga Sin tutafanya hivi, twende Zanarkand nikuonyeshe uwanja usiku ulivyo na taa, na Yuna anaitikia, anatabasamu. Anakuja kujua ukweli wakiwa kwenye kambi ya Al Bhed, kabila la Rikku, jangwani inaungua, Rikku ndo anamwambia, na anachokiwaza kwanza wala sio kwamba alifichwa. Anawaza maneno yote aliyomwambia Yuna. Hilo ndo tukio la kulia ambalo watu wanalihesabu kama ulialia. Mi sijui wao wangefanya nini, labda wangekunja mikono wakaegemea ukuta.

Tuje sasa kwenye neno lenyewe, mlialia, maana ndo shtaka kubwa. Nani kwenye ile gemu anamwita Tidus mlialia? Jecht. Ndo wimbo wake tangu mwanzo. Mwandishi wa stori, Kazushige Nojima, kaliweka hilo tusi kwenye mdomo wa baba mlevi, katuonyesha lilivyomharibu mtoto, afu wachezaji wazima wamefika mwisho wa gemu na wanalirudia lilelile neno kwa neno. Unaweza usimpende Tidus, ni haki yako, lakini jua umekaa kwenye kiti cha nani.

Tena Jecht mwenyewe kashahama kwenye hicho kiti. Njiani unaokota rekodi zake za zamani, na stori za Auron, unaona mzee anabadilika polepole. Kuna siku akiwa kalewa alimshambulia shoopuf, yule mnyama mkubwa wa kuvusha watu mtoni, akidhani ni zimwi, Braska ikabidi alipe hela ya safari kama fidia, na Jecht hakunywa tena. Kuna rekodi anajaribu kumwambia mwanae kitu anashindwa, maneno hayatoki. Naye hana kujiamini! Majigambo yote yale yalikuwa ni kelele za mtu mwenye woga, mtoto karithi kelele.

Halafu angalia ulialia wake umesaidia nini. Wakifika magofu ya Zanarkand wanaambiwa ukweli wa mwisho: kiumbe wa mwisho anatengenezwa kutokana na mlinzi mmoja anayejitoa, anampiga Sin, na yeye ndo anageuka kuwa Sin mpya. Ndo Jecht alivyofika pale. Kwahiyo hija zote, vifo vyote, ni mzunguko tu, na miaka 1000 watu wenye akili na wakomavu wameupokea kwa heshima. Walinzi wa Yuna, Lulu, Wakka, hata Kimahri, walikuwa tayari kumsindikiza Yuna akafe kwa sababu ndo utaratibu. Anayepiga kelele kwamba haiwezekani, lazima kuna njia nyingine, ni huyu mgeni asiyejua adabu za pale, anayeuliza maswali ya kitoto tangu siku ya kwanza. Yuna ndo anaamua mwenyewe kukataa, hilo nalisema wazi, simpokonyi, ila aliyempa picha ya kesho ambayo yeye yumo ni Tidus na zile stori zake. Hata kwenye mapigano wamemjenga hivohivo: uwezo wake wa mwanzoni kwenye ule ubao wa kujiendeleza ni kuongeza wenzake kasi na kuwatia moyo wapige zaidi.

Na bado kuna kipande ambacho kwangu ndo kinafunga kesi. Kwenye mlima Gagazet, kabla hata ya hayo magofu, anaambiwa kwamba yeye na Zanarkand yake ni ndoto tu, inaotwa na roho zilizofungwa kwenye jiwe, na Sin likiisha kabisa, ndoto inaisha, na yeye anapotea. Anafanya nini? Anashuka kwa wenzake, anatania, anaendelea na safari. Hamwambii Yuna. Anayeitwa mlialia anabeba kifo chake mwenyewe karibu robo ya mwisho ya gemu akiwa anatabasamu, kwa kutumia somo lilelile alilofundishwa Luca na binti aliyekuwa anamficha jambo lilelile. Sasa hapo kicheko kile kibovu kikitolewa, tabasamu hili halina mizizi.

Akikutana na dingi mwishoni wanaongea kidogo sana. Mzee anamwambia umerefuka, ila mifupa mitupu, unakula vizuri kweli? Dogo anashindwa, anajikaza, anasema nakuchukia. Mzee anasema najua. Kapata ile nafasi mama aliyosema akifa hutoipata. Na wakishapigana na mzee akiwa anakata roho anaurudia wimbo wake, utalia, ona, unalia, na safari hii mtoto analia kweli mbele yake na wala haionekani kama tusi.

Sisemi hamna cha kulaumu. Sauti za kiingereza zilirekodiwa zifuate midomo iliyochorwa kwa kijapani, kwahiyo kuna sentensi zinakimbizwa na nyingine zinavutwa, Yuna ndo kaumia zaidi hapo, unamsikia anasimama katikati ya sentensi bila sababu. Masimulizi ya Tidus mwenyewe nayo yanazidi, kuna sehemu tunaona kabisa kwa macho na bado anatueleza alivyojisikia. Na yale mavazi, suruali mguu mmoja umefika chini mwingine umeishia juu, Tetsuya Nomura kaichora akiwa anawaza nini sijui. Hiyo suruali siitetei.